Chumba Chetu cha Pangani

Bi Mwanakombo alipoambiwa kwamba nyumba waliyopanga Ngamiani, mjini Tanga, imeuzwa, na kila mpangaji atoke kabla ya mwisho wa mwezi, hakulia wala hakumlaani mtu. Alimaliza kukuna nazi yake, akaikung'uta mbuzi, akasema, "Basi tutarudi kwetu."

"Kwetu wapi, mama?" Tausi aliuliza. Yeye alizaliwa barabara ya kumi na tano, akaolewa barabara ya kumi na mbili, akaachika, akarudi ya kumi na tano. Kwao kwingine hakukujua.

"Pangani. Si tuna chumba chetu kule?"

Hapo Tausi akajua ana kazi. Alikuwa ameshapata vyumba viwili vya kupanga Usagara, maji ndani kwa ndani, na baraza ya kuweka cherehani yake. Kilichobaki ni mama kukubali tu. Lakini mama, kwa miaka yake sabini na minane, magoti ndiyo yaliyozeeka. Ulimi haukuzeeka hata siku moja. Usagara hakutaka hata kuisikia. "Niende kwa nani huko? Nikifa, nani atajua nilikuwa mtoto wa nani?"

Chumba chetu. Tausi alilisikia neno hilo tangu hajaota meno. Kilikuwa kwenye jumba la Mzee Uweso, jumba la mawe na chokaa karibu na mto, chini ya ngazi, mkono wa kushoto ukitokea kisimani. Hivyo ndivyo mama alivyokieleza siku zote, na maelezo yakaishia hapo. Na kwamba mama ana chake katika jumba lile halikuwa jambo la kubishana, kwa sababu harusi haikufanyika kule bila gari kutumwa Ngamiani kumfuata. Alikwenda peke yake, kwani aliyeitwa ni mmoja tu. Akirudi, alirudi na doti ya kanga mpya na shingo ya mbuzi, na wiki nzima mtaani hakuna aliyemfikia kwa maringo.

"Kwani sisi ni nani kwao?" Tausi alikuwa akiuliza alipokuwa mdogo.

"Watu wa nyumba."

"Watu wa nyumba ni nani?"

Swali la pili lilijibiwa kwa kufinywa. Tausi alifinywa sana utotoni, maana alikuwa na maradhi ya kuuliza, na maradhi hayo hayakumtoka hata baada ya kuwa mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, fundi anayetegemewa na maharusi wa Ngamiani nzima. Mteja akileta gauni lirekebishwe, Tausi hawezi kulishika mpaka ajue nani alilishona, lilivaliwa kwenye shughuli gani, na kwa nini limepasuka ubavuni.

Sasa Mzee Uweso alikuwa amefariki mwaka uliopita, na jumba lilikuwa mikononi mwa mjukuu wake, Tahiri, kijana aliyesoma historia Dar es Salaam. Habari zilifika Tanga kwamba Tahiri amelifungua jumba kwa wageni, anawatembeza na kuwasimulia mambo ya kale. Bi Mwanakombo hilo halikumtisha. Alimtaka Tausi aende akaone hali ya chumba, apime kama samadari yake, kitanda cha mvule, itaingia.

"Nimpigie Tahiri simu kwanza?"

"Kwenu unabisha hodi kwa simu?"

Ndivyo Tausi alivyojikuta Pangani siku ya Jumamosi asubuhi, futi yake ya ushonaji ndani ya mkoba, amesimama mbele ya mlango mkubwa wa kuchongwa. Nia yake ilikuwa aingie, atoe salamu, ajitambulishe. Lakini mlangoni palikuwa na meza na kitabu cha wageni, na nyuma ya meza kijana mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, Tahiri mwenyewe, akamkaribisha kwa bashasha. "Karibu dada. Umebahatika, ndiyo kwanza tunaanza."

Maradhi yakampanda. Akawaza: nikisema mimi ni nani, nitapewa chai na maneno matamu. Nisiposema, nitasikia wanachowaambia watu baki. Akaandika kitabuni *Tausi, Tanga*, akakata tiketi kama mgeni yeyote.

Wageni wengine walikuwa wawili, mtu na mkewe kutoka Korogwe. Mume aliitwa Asheri, Msambaa aliyestaafu ufundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge, na mkewe Loveness, mama mnene mwenye kitenge cha kwaya ya kanisa lao. Asheri alikuwa na haraka ya kitu kimoja.

"Kijana, minyororo iko wapi?"

"Shikamoo mzee," alisema Tahiri.

"Marahaba. Minyororo iko wapi? Nimemwahidi mjukuu wangu picha."

Tahiri akacheka kidogo, cheko la mtu aliyelizoea swali. "Hapa hapakuwa na mnyororo, mzee. Wale wa minyororo ni waliokuwa wakipita, waliopelekwa bandarini wakauzwa. Mimi nitakuonyesha waliobaki. Watumwa wa mjini. Waliishi humu, wakala humu, wakazaa humu. Na mlango wa uani ulikuwa wazi kutwa."

Tausi alitega sikio. Neno *watumwa* alilisoma shule, kwenye kitabu chenye picha ya watu wamefungwa shingo wanatembea porini. Hakuwahi kulisikia likitamkwa ndani ya nyumba, kwenye ukumbi wenye saa ya ukutani na viti vya kukalia.

"Mlango wazi!" Asheri hakuridhika. "Mbona hawakukimbia?"

"Wapo waliokimbia. Walivuka mto, wakaenda zao. Lakini fikiria, mzee. Umechukuliwa bara una miaka sita. Njia ya kwenu huijui, hata jina la kijiji umeshalisahau. Umekua hapa, lugha yako ni ya hapa, dini yako ya hapa. Mwanao amezaliwa humu ndani na ni mali ya bwana. Ukikimbia, unakimbilia wapi, na mtoto unamwachia nani?"

Loveness alisema taratibu, "Kumbe mnyororo ulikuwa mtoto," na Tahiri akaitikia kwa kichwa.

Akawapandisha ghorofani kwa ngazi pana ya mawe. Chumba cha bwana kilikuwa kikubwa, madirisha yake mawili yanatazama mto mpaka Bweni ng'ambo, upepo unaingia upande huu unatokea upande ule. Palikuwa na kitanda cha vigae vya rangi, marashi, mkeka wa kuswalia wa zamani. Tausi alishika pazia, akalipindua kuona lilivyopindwa, akaliacha kabla hajaonekana. Alijisikia vizuri chumbani mle. Akawaza kwamba kama hivi ndivyo vyumba vya jumba hili, basi mama hana makosa hata kidogo.

Kushuka hawakushukia pale walipopandia. Nyuma ya chumba palikuwa na ngazi nyingine, nyembamba, wima, ya giza. "Hii ilikuwa ya watu wa kazi," Tahiri alisema. "Mgeni wa bwana hakutakiwa kukutana na mtu amebeba ndoo ya maji machafu. Humu jumba lina njia mbili kila mahali. Ukishaijua siri hiyo, unaliona jumba jingine ndani ya jumba."

Tausi alishuka akipapasa ukuta. Katikati ya ngazi, vidole vyake viliingia kwenye mbonyeo laini, mbonyeo wa viganja vya watu waliopapasa pale pale kabla yake. Akauliza, "Walikuwa wangapi?"

"Hatujui kwa hakika. Karatasi za mirathi zinataja wanane."

Wakatokea uani, kwenye mwanga. Kulia, kisima. Kushoto, chini ya ngazi waliyotoka kushuka, mlango mfupi wa mbao. Tausi aliusoma ua ule kama aliyewahi kufika: kisima, ngazi, mkono wa kushoto. Alijua kabla Tahiri hajaufungua.

"Hapa," alisema Tahiri, "ndipo walipolala wajakazi."

Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya chokaa ya zamani. Hapakuwa na dirisha. Dari ilikuwa mgongo wa ngazi, imelala kwa mshazari, hata mtu aliweza kusimama wima upande mmoja tu. Tausi alisimama katikati ya chumba chetu. Watu wa nyumba. Hao ndio watu wa nyumba! Mama yake anayetembea shingo juu wiki nzima, mama yake ambaye hakubali kuitwa mpangaji, alikuwa akidai chumba hiki mbele ya majirani kama mtu anavyodai shamba la minazi la babu yake. Aibu ilimpanda, na nyuma ya aibu huruma, na nyuma ya huruma yakaja maswali, maana Tausi ni Tausi.

Mikono ilipokosa la kufanya ikatoa futi mkobani. "Mama, nishikie hapo," alimwambia Loveness, na Loveness akashika bila kuuliza, kama wanawake wanavyoshikiana. Futi nane kwa sita na nusu. Samadari ingeingia, na baada yake asingeingia mtu.

"Unapima nini, dada?" Tahiri aliuliza.

"Mimi ni fundi wa nguo. Nisipopima sielewi." Hapo macho yake, yaliyokwisha kulizoea giza, yakaona ukutani vijiti vimetokeza. Vilikuwa vigingi vya mbao, vimepigwa ndani ya chokaa, vyeusi kwa kushikwa. "Hivi vya nini?"

"Vya kutundikia nguo, nadhani. Kaniki zao."

"Kila mtu na kigingi chake?"

"Sijawahi kufikiria."

"Mtu mwenye nguo moja anataka kigingi kimoja," Tausi alisema. "Hebu nimulikie simu." Akavihesabu kwa kidole, ukuta kwa ukuta. Vinane vilikuwa usawa wa bega. Vitatu vilikuwa chini, usawa wa kiuno. "Kumi na kimoja. Walikuwa kumi na mmoja, si wanane. Na hawa watatu wa chini walikuwa watoto. Mtoto hawezi kufikia kule juu, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtundikia."

Tahiri alivigusa vile vigingi kimoja kimoja. Kijana wa watu alikuwa amepita mle kila siku. "Karatasi za mirathi zilihesabu wakubwa tu," alisema mwishowe. Asheri, aliyekuja kutafuta mnyororo, alivua kofia yake. Picha aliyomwahidi mjukuu hakuipiga.

Kituo cha mwisho kilikuwa jiko, banda la mawe upande wa pili wa ua, mafiga makubwa matatu bado yamekaa mahali pake na masizi yamekwenda juu ukutani mpaka kwenye boriti. Hapo Tahiri alichangamka tena. Ilionekana ndipo penye hadithi aliyoipenda.

"Mpishi wa mwisho mtumwa katika jumba hili aliitwa Zafarani."

Tausi alishika ukingo wa mlango. Zafarani ni jina ambalo mama hulitaja kwenye kila dua, mbele ya jina la mama yake mzazi.

"Na jikoni hapa palikuwa na desturi yao ya peke yao," Tahiri aliendelea. "Mabwana waliwaogopa watu wao. Fikirieni: mtu umemnunua, na yeye ndiye anayekupikia, na anajua majani yenye sumu. Utakula kwa amani gani? Basi chakula kikiiva, kabla sahani hazijatoka, mpishi anasimama mbele ya bwana na jamaa zake, anakula kijiko cha kwanza. Wanamtazama. Wanangoja kiasi cha mtu kumaliza kahawa. Wakiona yu mzima, ndipo wanakula. Wenyewe kwa adabu waliita kuonja chumvi."

"Loo!" alisema Asheri. "Kumbe kupima sumu!"

"Ndiyo, mzee."

"Na ilikoma lini?"

"Zamani. Utumwa ulipopigwa marufuku siku za Mwingereza, na hiyo ikafa."

Tausi alijua kwamba akinyamaza, mambo yatakwisha salama. Angepanda gari, angerudi Ngamiani, angetunga uongo wa kumridhisha mama. Lakini alimwona mama yake, asubuhi ya harusi, amejifunga kanga yake bora, anamwambia jirani kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: *Nakwenda Pangani kuonja chumvi. Hawali mpaka nifike.*

"Haijafa," alisema.

Tahiri alimgeukia, tabasamu bado usoni.

"Harusi yako ilikuwa mwaka juzi, baada ya Idi kubwa. Masufuria ya pilau yalikuwa hapa uani. Kuna bibi aliletwa na gari kutoka Tanga. Alikuja akasimama, akaonja, watu wakangoja. Kweli si kweli?"

Tabasamu liliondoka kidogo kidogo. "Yule bibi... waliniambia ni baraka. Wazee walisema ni bibi wa baraka, harusi hainogi bila yeye."

"Ni mama yangu. Na Zafarani ni bibi yake."

Tahiri alikwenda akakaa kwenye ukingo wa kisima. Loveness alimwambia mumewe waende wakaone mlango wa mbele vizuri, na Asheri, ambaye alitaka sana kubaki, alivutwa mkono.

"Nilikuwa nimekaa pale," Tahiri alisema, akionyesha ukumbini. "Nina njaa, sijala tangu jana yake. Nikamuuliza babu, mbona hawaleti? Babu akaniambia subiri. Nikamwona bibi amesimama na kijiko. Dada, mimi desturi hii nimeiandika kwa mkono wangu, chuoni, kurasa nne! Nikaikalia kitako na kuila, na sikuiona."

Tausi alimwonea huruma kidogo, si sana.

"Haitafanyika tena," Tahiri alisema, akasimama. "Nakuapia. Hakuna atakayemwita mama yako kwa jambo hilo tena, maisha."

Alisema kwa moyo safi, na Tausi alipaswa kufurahi. Badala yake alimwona mama amekaa barazani, kanga bora kifuani, anangoja gari ambalo halitakuja. Akatambua alichokifanya: kwa neno moja amemwondolea mama mlango pekee aliokuwa akiingilia. Akasema haraka, kabla hajapoteza na kilichobaki, "Kuna jambo jingine. Nyumba yetu imeuzwa. Mama anataka kuja kukaa hapa. Kwenye kile chumba. Anasema ni chake."

"Chumba kile?" Tahiri alikaribia kupiga kelele. "Dada Tausi, uko mzima? Mjukuu wa Uweso amrudishe mjukuu wa Zafarani alale chini ya ngazi? Nitawatazama watu kwa macho gani? Siwezi. Mwambie samahani. Mwambie nimekataa kwa sababu ya heshima."

"Heshima hiyo mama yangu ataitandika wapi alale?"

Tahiri akamsindikiza mpaka nje, akampa namba yake ya simu, akasimama kizingitini amefadhaika.

Alasiri Tausi aliingia nyumbani na uongo wake ameshaupanga. Mama alikuwa barazani anachambua mchele, ungo mapajani. Hakuuliza hali ya barabara wala ya watu wa Pangani.

"Futi ngapi?"

"Nane kwa sita na nusu. Lakini mama, kimeharibika. Maji yanavuja, ukuta umeliwa na chumvi, samadari haitoshi. Twende zetu Usagara."

"Dirisha?"

"Hakina."

"Vigingi umevihesabu?"

Tausi aliinua uso. Mama aliendelea kuchambua, vidole vinatupa chuya pembeni bila kukosea.

"Kumi na kimoja," mama alijijibu. "Vitatu vya chini. Kile kilicho karibu na mlango kilikuwa cha bibi Zafarani. Alipewa ana miaka mitano, na alipokuwa mtu mzima hakukibadilisha."

"Ulijua."

"Nilijua nini? Mimi nimelelewa naye, Tausi. Kulala nimelala mgongoni kwake. Aliyajua yeye, nisiyajue mimi?"

"Na kuonja chumvi? Unajua ilikuwa nini?"

"Sumu," mama alisema, kama mtu anayetaja kiungo cha mchuzi. "Walikuwa wakituogopa."

Tausi alikaa chini, palepale kwenye saruji. Hasira ilimpanda, ya miaka yote ya kufinywa. "Na bado ukawa unakwenda! Unavaa, unajisifu mtaani! Mbona hukunambia?"

Mama aliweka ungo kando. "Ningekwambia una miaka kumi, ungekwenda kulisema shule, maana wewe mdomo wako haufungi. Na wa shule wangekutafutia jina, na jina hilo ungeolewa nalo, kama kungekuwa na wa kukuoa. Nilikuficha. Kwenda, nilikwenda. Nikisimama na kijiko, siangalii pilau, nawaangalia wao. Mmoja mmoja, machoni. Uweso alikuwa akitazama chini kila mara, tangu kijana mpaka anazeeka, kwa sababu yeye alijua na alijua ninajua. Nikaona siku nikiacha kwenda, watakula raha mustarehe kama vile hapakuwa na kitu. Hawa vijana ndio waliokwisha kula raha mustarehe. Nikaliona mwaka juzi. Yule bwana harusi alinitazama akacheka."

"Sasa anajua," Tausi alisema. "Nimemwambia. Mama, nimekuharibia. Amesema hawatakuita tena. Na chumba amekataa. Anaona haya."

Tausi alingoja kilio, au laana, au walau kufinywa. Kilichokuja ni kicheko, kicheko cha tumboni kilichomtikisa mabega hata akashika goti linalouma.

"Anaona haya? Sema wallahi."

"Wallahi."

"Miaka sabini ninangoja mtu mmoja wa nyumba ile aone haya. Mmoja tu! Nipigie simu yake, upesi, kabla haya haijamtoka."

Tausi alipiga, akaweka sauti ya juu, akamshikia mama simu mbele ya mdomo.

"Shikamoo bibi," ilisikika sauti ya Tahiri, ndogo.

"Marahaba mjukuu wangu. Nimeambiwa hutaki nilale chini ya ngazi."

"Bibi, usinielewe vibaya. Ni aibu yetu sisi, siyo—"

"Nimekuelewa vizuri. Umesema kweli, na mimi pale sipataki tena. Nilikuwa nikipadai kwa sababu niliona ndipo mahali pekee ambapo hamtaninyima. Umeninyima. Basi sasa nakuomba ninapopataka. Nipe cha juu. Chenye madirisha ya mtoni."

Kunguru wa Pangani walisikika simuni.

"Chumba cha bwana, bibi?"

"Bwana alikwishakufa. Kina mtu?"

"Hakina mtu. Kina vitu vya maonyesho."

"Vihamishe."

"Mama, magoti," Tausi alinong'ona, na mama akampungia mkono kumnyamazisha, kama anavyofukuza nzi kwenye samaki.

"Bibi," Tahiri alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imebadilika, kama mtu anayepiga hesabu ya kitu kizito akitaka kujua kama atakibeba. "Wageni hupita kila siku mpaka chumba kile. Watakukuta umekaa. Wakiniuliza wewe ni nani, mimi niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu," alisema Bi Mwanakombo. "Wafikishe mlangoni, wapige hodi. Nitawaambia mwenyewe."

Tausi alikuwa analia na hakujua alianza saa ngapi. Upande wa pili Tahiri alivuta pumzi ndefu, kisha akauliza alete gari siku gani.